Nyanya Yenye Kitambaa Chekundu

Majengo, Songea
Jumatano jioni

Mwanangu Kresensia,

Kitambaa chekundu kilichofunga barua hii usikifutie kisu. Umeshakifutia kisu mara moja, inatosha.

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumba cha pili unafungua begi na kulifunga, unafungua na kulifunga. Mimi sijambo, ila hasira. Tangu Jumapili tunakaa nyumba moja na kuzungumza kupitia kwa mama yako. Mwambie baba chai tayari. Mwambie binti yako nimesikia. Jana mama yako akanijia juu, akasema kama nina neno nilifikishe mwenyewe, yeye si posta. Sasa mdomo wangu unaujua. Ukifunguka unaanza na makelele kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Ndiyo maana naandika.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutopanda lori ambalo dereva wake ananuka pombe, mama yako amekuandikia. Nimeiona hiyo karatasi, imejaa pande zote mbili. Uuguzi umesomea mwenyewe, na huko Nakapanya zahanati ni yako, si yangu. Mimi nimesomea kufunga boliti. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni nyanya.

Najua umeshaguna. Guna, ukimaliza endelea kusoma.

Jumapili shangazi yako alikuja na watu wake kukuaga. Mama yako alikuwa amekaanga usipa, dagaa wa ziwani, ugali upo, mboga ya likolo ipo, na wewe ukasema utatengeneza kachumbari. Vizuri. Ikaletwa mezani, nami nikala. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba nami nilikula. Nilichota mara ya kwanza, nikachota ya pili, nikasema mbele ya wageni kwamba leo kachumbari imekubali, nyanya ina ladha ya zamani. Ladha ya zamani! Nikakuuliza umenunua kwa nani. Ukanijibu huku unatabasamu:

"Sijanunua, baba. Ni ile yenye kitambaa kule bafuni. Ilikuwa imeiva mno, ingeoza."

Ingeoza. Kresi, ilikuwa inangojwa ioze. Nyanya ya mbegu haichumwi inapopendeza, inaachwa mpaka ilegee yenyewe kwenye mti. Nilikuwa naizungukia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Siku tatu nyingine ningeichuma. Wewe ukafungua kitambaa, ukaichuma, ukaikata, halafu kitambaa chenyewe ukafutia kisu.

Nikasema yale niliyosema, kwamba umeula ukoo mzima kwenye sahani moja. Shangazi yako akaweka kijiko chini. Ukaondoka mezani, na mpaka leo hujakaa nami meza moja. Nilikuaibisha mbele za watu, tena siku yako ya kuagwa, na sikuwa na haki. Nakuomba radhi. Nimeliandika hili mapema kabla hasira haijanirudia, maana itarudi tu.

Sasa nikueleze kwa nini nilipandisha hasira.

Mvua ya mwaka huu uliiona. Ukungu ulishuka mwezi wa tatu, na miche yote ya kiboga, hiyo nyanya yetu ya kienyeji, niliyokuwa nayo ikawa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Ukabaki mti mmoja, ule ulioota wenyewe ukutani pa bafu, mahali pasipofika mvua. Ukazaa tatu. Moja ilipasuka ikaingia funza, moja wakaila panya. Ya tatu ndiyo niliyoifunga kitambaa. Nilikwenda Mpitimbi, kijijini kwa bibi yako, nikapita nyumba hadi nyumba nikiuliza, na watu wananionyesha pakiti za dukani. Kiboga wanaikumbuka, wanaisifu, hawana. Kwa hiyo Jumapili ile, kwa jinsi ninavyojua mimi, kiboga yote iliyobaki Songea nzima ilikuwa kwenye bakuli lako pamoja na kitunguu.

Utasema, kama ulivyomwambia mama yako nikiwa nasikia, kwamba mbegu zimejaa madukani, mtu anaingia tu na kuchagua. Kweli. Tangu mambo yawe ruksa kila kitu kimejaa madukani, hata mbegu zenye picha. Nimezilima, na zile nyanya ngumu sizitukani. Zilitulisha nilipopunguzwa kazi. Unazijaza kwenye tenga, tenga linapanda lori, linashuka Makambako, na nyanya hata haijajua kwamba imesafiri. Lakini ukiitafuna unasikia maji na ganda. Na mbegu yake ukiirudisha ardhini, mwaka wa pili mti huu unazaa vidogo, ule virefu, mwingine unakuangalia tu. Nilimwonyesha bibi yako akacheka mpaka akakaa chini. Kiboga hata gari la kwenda sokoni haiwezi, inapasuka njiani na kukuchafulia kikapu. Ina mikunjo kama boga, mabega ya kijani hata ikiiva, mwanamke wa mjini haitazami mara mbili. Inaliwa pale pale ilipozaliwa, na chumvi, basi. Jumapili uliionja. Sihitaji kukueleza zaidi.

Lakini nataka nikuambie ninavyojua mimi kuua kiboga, maana wewe ni mwanafunzi tu. Mwalimu ni mimi.

Ulikuwa darasa la tatu, tunajiandaa kwa komunio yako ya kwanza. Zamani zile ilikuwa ukitaka saruji unatafuta kibali, ukikosa kibali unatafuta mtu, ukikosa mtu unarudi nyumbani kwenye udongo wako. Ghafla mambo yakafunguka. Saruji ikawa inauzwa hapa hapa Majengo kama chumvi, mtu yeyote, mfuko wowote. Mimi nikawa kama mtoto. Nikasema sherehe ya binti yangu itafanyika Mpitimbi kwa mama, na mama hatapika tena kwenye jiko la udongo mbele za watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo nilivyokuwa naimba siku hizo, kila mtu amechoka kunisikia.

Bibi yako alikuwa msibani. Nikaona ndiyo nafasi, nitamshangaza. Nikapeleka fundi na mifuko, nikamsimamia mwenyewe. Nyuma ya mafiga ule ukuta ulikuwa na madoadoa, vitu vimegandamana, majivu, masizi, kama mtu ametupia chakula ukutani miaka na miaka. Fundi akaniuliza hivi navyo tukwangue? Nikamwambia kwangua kila kitu, piga lipu mpaka juu. Nilimdharau mama yangu kidogo moyoni, nakiri. Nilisema loo, na usafi wake wote, nyuma ya mafiga ndiyo hivi.

Akarudi. Akaingia jikoni na khanga ya msiba bado kichwani. Akasimama. Akaupapasa ule ukuta kwa kiganja kuanzia chini mpaka mkono ulipoishia. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Ukuta umekuwa mzuri." Akatoka kwenda kuchota maji. Nami nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Wakati wa kuotesha miche ukafika, nikaona kitalu chake kitupu. Nikamuuliza, mama, mwaka huu hulimi kiboga? Alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua uso.

"Mbegu si uliipaka lipu?"

Kresi, ndipo nikajua. Yale madoadoa yalikuwa mbegu. Alikuwa anakamua nyanya iliyolegea, anachanganya na majivu, anaipaka ukutani nyuma ya moto, inakauka pale, moshi unafukuza wadudu. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake. Nyanya juu, matango katikati, maboga chini. Ghala lake lilikuwa ukuta. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile, nimekula nyanya ile tangu sina meno, na sikuwahi kuuliza mbegu inalala wapi. Mtoto wa kiume, jikoni nakwenda kufuata chakula.

Nikapandisha hata siku ile, unanijua. Nikamwambia sasa kwa nini hukusema? Miezi yote hii! Akasema angesema nini, na lipu imeshakauka. Akaendelea kupepeta.

Nikakasirika naye kwa kunyamaza, na bado nimekasirika naye, Mungu amrehemu. Lakini shika hapo, nitarudi.

Kilichotuokoa ni jirani yake, mama mzee Akwilina, yule aliyekuwa na jicho moja, uliwahi kumwogopa. Miaka mingi nyuma bibi yako alimpa mbegu. Tukaenda wote wawili. Bibi yako hakujieleza sana, alisema tu kwamba mbegu yake imeharibika. Hakusema nani ameiharibu. Akwilina akaingia shambani kwake, akarudi na kiboga moja imelegea, akaiweka mkononi mwangu. Mimi na adabu zangu za mjini nikasema, "Ahsante sana, mama."

Bibi yako alinifinya hapa juu ya kiwiko, nikaruka. Akwilina naye akanitazama kwa lile jicho moja kana kwamba nimetema mate ndani ya nyumba. Njiani ndipo nikaelezwa. Mbegu haishukuriwi. Ukishukuru umemaliza, umelipa, deni limekwisha na mbegu imefia kwako. Ukinyamaza bado unadaiwa, nawe unalipa kwa kumpa mwingine. Nikauliza hayo nayo nilitakiwa niyajue kwa njia gani? Akasema watu wote wanayajua. Watu wote! Ndivyo walivyo watu wetu, Kresi. Jambo wanalijua wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema kwa mdomo.

Nilipopunguzwa kazi nikajifanya mkulima, unakumbuka. Hapa nyuma ya nyumba, maji ya bafuni, samadi ya nguruwe wa shangazi yako. Nililima zile nyanya ngumu kwa ajili ya malori na kiboga kwa ajili ya watu wa hapa mtaani wanaoijua. Kila asubuhi nachagua kiboga kubwa, nzuri, yenye mikunjo iliyokaa sawa, inakwenda kwa wateja. Mbegu nakamua kwenye zile zilizobaki, zilizochomwa na jua, zilizodumaa, zisizo na mnunuzi. Nilijiona mjanja. Mbegu si mbegu tu?

Mwaka wa tatu kiboga zangu zilikuwa kama ndulele. Ganda gumu, chachu tupu. Bibi yako akaja kutembea, akazunguka bustani mikono nyuma, akaniuliza mbegu natoa wapi. Nikamwambia. Hakunisema. Alichana pindo la khanga yake nyekundu, nzima kabisa, mama yako alitaka kulia, akatafuta mti bora bustanini, akatafuta tunda bora kwenye ule mti, akalifunga kitambaa kwenye kikonyo. Akaniambia hii si yako, si ya mteja, si ya mgeni, hata aje askofu. Kuanzia siku ile kila msimu kitambaa kinakwenda kwenye tunda la kwanza zuri. Ilichukua misimu mitatu mingine kiboga kurudi kuwa kiboga. Alipokufa kitambaa nikabaki nacho mimi.

Sasa narudi pale niliposema shika.

Tangu Jumapili nimekuwa nikisema moyoni, huyu mtoto amekulia kwenye bustani hii, kitambaa amekiona miaka yote, kwa nini asijue? Jana nikiwa nachota maji likanijia swali jingine. Je, nilimwambia? Nikatafuta. Nikajikumbuka nikikufokea ulipokuwa mdogo: usiguse hiyo. Nikajikumbuka nikikufokea tena: nimesema usiguse. Ukauliza kwa nini, nikakuambia acha maswali. Halafu ukaenda shule ya bweni, ukaenda chuo, ukarudi mtu mzima, ukaona nyanya imeiva imefungwa tambara, ukamwonea huruma baba yako kwamba amesahau kuichuma.

Basi niambie tofauti ya mimi na mama yangu ni nini. Yeye alinyamaza kwa upole, mimi nilinyamaza kwa kelele. Yeye hakuniambia ukutani kuna nini, nikakwangua. Mimi sikukuambia kitambaa ni cha nini, ukakata. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, halafu mtoto akiuliza tunamwambia acha maswali. Nimekasirika sana, na nusu ya hasira haina mtu wa kuipokea ila mimi mwenyewe.

Lakini kachumbari yako, sijui hiyo ni fasheni ya chuoni, umeitoa maji. Kabla ya kula niliona jikoni ule ute umekamuliwa pembeni, nikaguna, nikasema hawa wasomi, nyanya nayo wanaipasua kama jipu. Nilipokumbuka kwamba mbegu zimo kwenye ute huo, ulikuwa umeshaumwaga kwenye ndoo ya makombo, na mama yako alikuwa ameshawamwagia kuku. Wewe ulikuwa umejifungia chumbani unalia, hukuona. Wageni wako waliona. Waliniona mimi, mtu mzima na suruali yangu ya kanisani, nimepiga magoti kwenye banda la kuku nagombania maganda ya vitunguu na jogoo. Shangazi yako anasema nimechanganyikiwa. Jogoo alipata nyingi. Mimi nilipata thelathini na moja.

Nikazisugua na majivu, nikazipaka kwenye karatasi mbili tupu nilizochana mwishoni mwa daftari lako la zamani la fiziolojia, upande mmoja tu, nikazitundika juu ya mafiga. Leo zimekauka, zimeshika kabisa, hata ukikunja hazitoki.

Jumatatu nilikuwa nimeamua zote zibaki hapa. Nilisema aliyekula hapewi. Jumanne nikasema nitakupa tano za kuonjea. Leo mchana nikamkumbuka Akwilina. Kama bibi yako angezificha zote ukutani kwake, mimi na mifuko yangu ya saruji tungemaliza kazi siku ile ile. Kilichookoa kiboga ni kwamba nusu yake ilikuwa kwenye nyumba ya mtu mwingine, mbali na mikono yangu.

Karatasi moja nimeibandika ukutani jikoni, nyuma ya mafiga, na pembeni nimeandika kwa mkaa, herufi kubwa: MBEGU. USIPIGE LIPU. Mama yako amesema nimeharibu jiko. Anayekuja baada yetu atanishukuru au atanicheka, lakini hatasema hakuambiwa.

Karatasi ya pili ndiyo ukurasa wa mwisho wa barua hii. Ukiigeuza utaona. Zimo kumi na sita, wewe umepata moja zaidi, usimwambie mtu. Huko Nakapanya ni joto na mchanga, na hii ni mtoto wa Mpitimbi, itanuna. Usiipande na mvua. Ioteshe wakati huu wa baridi, mahali penye kivuli cha mchana, na maji ya kunawia yasimwagwe ovyo. Kwa mengine waulize wenyeji wako. Wale ni wakulima wa korosho, wanaujua ule mchanga kuliko mimi. Waulize, Kresi, hata kama wataona ajabu. Na ukiona kwa jirani kitu kimegandamana ukutani, uliza kwanza ni nini ndipo utoe ushauri wako wa usafi, bibi muuguzi.

Tunda la kwanza zuri lifunge kitambaa. Nimekifua, harufu ya kitunguu bado ipo kidogo. Likilegea, mpe na jirani.

Kesho asubuhi lori litapiga honi na mimi nitakuwa nagombana na utingo kuhusu mahali pa kuweka begi lako. Sitasema lolote la maana, usilingoje. La maana ni hili: nyumba itakuwa tupu bila wewe, na nitakukumbuka kuliko ninavyoweza kukuambia nikiwa nakutazama.

Ukifika niandikie. Niambie zimeota ngapi. Neno ahsante usiliandike.

Baba yako